Seli kongwe: Jinsi kemikali zake zinavyochochea maradhi ya uzeeni

MAUMIVU ya magoti, kuziba kwa mishipa ya damu, kisukari cha ukubwani, mapafu kujaa makovu, mifupa kuwa dhaifu na baadhi ya saratani ni maradhi yanayomwandama binadamu kadiri umri unavyosonga. Kwa miaka mingi yalichukuliwa kuwa maradhi mbalimbali yasiyohusiana, kila ugonjwa ukiwa na daktari wake, kliniki yake na dawa yake.

Utafiti uliofanyika kwa zaidi ya nusu karne sasa unaonesha kwamba maradhi hayo yana angalau mzizi mmoja yanaochangia. Mzizi huo ni seli ambazo zimeacha kugawanyika lakini hazikufa. Seli hizo hubaki ndani ya tishu na kumwaga mchanganyiko wa kemikali unaoathiri seli jirani, kuharibu tishu na kuuweka mwili katika hali ya kujihami isiyokwisha.

Wataalamu wa baiolojia huziita seli za namna hiyo seli kongwe. Si kila seli iliyo katika mwili wa mzee ni seli kongwe, na si kila seli kongwe imo katika mwili wa mzee. Mtoto mchanga anazo, na hata mimba changa tumboni inazo. Tatizo huanza pale zinapozidi kuongezeka na mwili ukashindwa kuziondoa.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa nchi zinazoendelea. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba ifikapo mwaka 2050 idadi ya watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi duniani itafikia bilioni 2.1, mara mbili ya ile ya mwaka 2020, na kwamba asilimia 80 ya wazee wote watakuwa wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchi za Afrika Mashariki, ambazo hospitali zake bado zinapambana na malaria, kifua kikuu na Ukimwi, zinakabiliwa pia na ongezeko la kisukari na shinikizo la damu, hasa mijini.

Ugunduzi wa Hayflick

Chimbuko la elimu hii ni mwaka 1961, katika Taasisi ya Wistar iliyopo Philadelphia, Marekani. Wakati huo wanasayansi waliamini kwamba seli zikitolewa mwilini na kutunzwa vizuri maabara zitaendelea kugawanyika bila kikomo. Imani hiyo ilitokana na kazi ya daktari bingwa wa upasuaji kutoka Ufaransa, Alexis Carrel, aliyedai kuwa seli za moyo wa kuku alizoanza kuzitunza mwaka 1912 hazikuwa na dalili ya kufa.

Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead waliona jambo tofauti. Seli za binadamu walizozitunza ziligawanyika kwa kasi mwanzoni, kisha zikapunguza mwendo, na baada ya kugawanyika takriban mara 50 zikasimama kabisa. Hazikufa. Ziliendelea kula na kupumua, lakini hazikuzaa seli mpya.

Ili kuondoa shaka kwamba huenda uchafu au virusi ndivyo vilivyozisimamisha, Hayflick alichanganya katika chombo kimoja seli za kiume zilizokwisha kugawanyika mara nyingi na seli za kike zilizokuwa bado changa. Muda ulipopita, zilizobaki zikigawanyika ni za kike tu. Kwa kuwa zote ziliishi katika mazingira yaleyale, ilikuwa dhahiri kwamba kikomo hicho kilikuwa ndani ya seli zenyewe.

Hata seli zilizogandishwa kwenye baridi kali na kuamshwa baadaye ziliendelea kuhesabu pale zilipoishia. Kikomo hicho sasa kinajulikana duniani kote kwa jina la Kikomo cha Hayflick. Mtafiti huyo alifariki dunia mwaka 2024.

Kazi ya maabara hiyo iliwafikia wananchi kwa njia nyingine pia. Seli za binadamu za aina aliyoifanyia kazi Hayflick zilitumika kuoteshea virusi vya kutengenezea chanjo. Kirusi dhaifu cha rubella, kinachotumika katika chanjo ya surua na rubella wanayopewa watoto katika nchi nyingi zikiwamo Tanzania na Kenya, huoteshwa katika seli za aina hiyo.

Kinachoifanya seli isimame

Ilichukua miaka mingi kufahamu ni nini kinachohesabu ndani ya seli. Mwaka 1971 mwanasayansi wa Kirusi, Alexei Olovnikov, alitoa hoja kwamba kila seli inapogawanyika, ncha za nyuzi zake za vinasaba hupungua kidogo. Ncha hizo huitwa telomea, na kazi yake inafanana na ile ya kipande cha plastiki kilichoko mwishoni mwa kamba ya kiatu, kinachozuia kamba isifumuke.

Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2009 kwa kubainisha jinsi telomea zinavyolinda vinasaba na kwa ugunduzi wa telomerasi, kimeng'enya kinachozirefusha. Seli nyingi za kawaida za mwili wa mtu mzima hazina telomerasi ya kutosha. Telomea zikishakuwa fupi mno, seli huchukulia kwamba vinasaba vyake vimekatika, nayo husitisha kugawanyika.

Hata hivyo, kufupika kwa telomea ni sababu moja tu. Mionzi, moshi wa sigara, baadhi ya dawa za saratani na sumu mbalimbali zinaweza kuharibu vinasaba kiasi cha kuifanya seli changa iwe kongwe katika siku chache. Mwaka 1997 watafiti walionesha pia kwamba seli ikipata hitilafu katika jeni inayoweza kuleta saratani, mara nyingi haigeuki saratani papo hapo, bali husimama. Breki hiyo huendeshwa na protini ambazo maarufu zaidi ni p53 na p16.

Mfano wa jambo hilo upo juu ya ngozi. Vidoadoa vyeusi vilivyotuna kidogo, ambavyo watu wengi wanavyo, mara nyingi hutokana na seli za rangi zilizopata hitilafu ya jeni, zikaanza kuongezeka, kisha zikasimamishwa na breki hiyo. Wengi huishi navyo hadi uzeeni bila kupata saratani ya ngozi.

Kwa sababu hiyo, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi wengi waliuona ukongwe wa seli kuwa ni ulinzi. Seli iliyosimama haiwezi kuzaa uvimbe wa saratani, na hilo lilionekana kuwa mwisho wa habari.

Seli isiyonyamaza

Aliyebadilisha mtazamo huo kwa kiasi kikubwa ni Judith Campisi, mtafiti wa Marekani aliyefanya kazi katika Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley na baadaye katika Taasisi ya Buck huko California. Mwaka 1995 yeye na wenzake walichapisha njia ya kuzitambua seli kongwe kwa kuzipaka rangi ya buluu, njia ambayo bado inatumika maabara.

Mwaka 2001 kundi lake lilitoa matokeo yaliyowashangaza wengi. Seli kongwe za tishu unganishi zilipowekwa pamoja na seli zilizokuwa zimeanza kuelekea kwenye saratani, hazikuzizuia. Badala yake zilizichochea zikue, na zilipowekwa katika panya, zilisaidia kuota kwa uvimbe wa saratani. Seli iliyodhaniwa kuwa imenyamaza ilikuwa ikitoa ujumbe.

Mwaka 2008 kundi hilo lilichapisha orodha ya kemikali zinazomwagwa na seli kongwe na kuupa mchanganyiko huo jina ambalo kwa kifupi huandikwa SASP. Mwaka huohuo makundi mengine mawili ya watafiti yalionesha kwamba baadhi ya kemikali hizo huisaidia seli yenyewe kubaki katika hali ya ukongwe.

Mchanganyiko huo una mafungu kadhaa. Fungu la kwanza ni protini za kupeleka taarifa katika mfumo wa kinga, zikiwamo intaleukini-6 na intaleukini-8, ambazo huziita seli za ulinzi kama mtu anayepiga mbiu ya hatari. Fungu la pili ni vimeng'enya vinavyokata kolajeni na nyuzi nyingine zinazoshikilia tishu. Fungu la tatu ni vichochezi vya ukuaji, ambavyo huziamuru seli jirani zigawanyike au kuotesha mishipa mipya ya damu. Seli hizo hutoa pia vifuko vidogo mno vilivyobeba protini na vipande vya vinasaba.

Mchanganyiko huo haufanani katika kila seli. Seli kongwe ya ngozi haitoi kemikali zilezile zinazotolewa na seli kongwe ya ini au ya mafuta, na kilichoisababisha seli ikawa kongwe pia huathiri kile inachokitoa. Hii ni moja ya sababu zinazofanya utafiti wake uwe mgumu.

Mwaka 2017 ilibainika pia jinsi mbiu hiyo inavyowashwa. Katika seli kongwe, vipande vya vinasaba huponyoka kutoka katika kiini na kuingia katika sehemu ya nje ya seli, mahali ambapo kwa kawaida havipaswi kuwapo. Seli ina chombo maalumu cha kugundua vinasaba vya virusi mahali hapo. Chombo hicho hudhani seli imevamiwa, na kuanza kuita ulinzi ingawa hakuna adui aliyeingia.

Faida kwa muda mfupi

Itakuwa makosa kudhani kwamba mwili ulijitengenezea sumu bila sababu. Kemikali hizo zina kazi muhimu, mradi zitolewe kwa muda mfupi.

Mwaka 2013 makundi mawili ya watafiti yalionesha kwamba seli kongwe hujitokeza katika viinitete vya panya wakati viungo vinapoumbwa. Hutokea mahali maalumu, husaidia kuchonga umbo la kiungo, kisha huondolewa na seli za ulinzi.

Mwaka 2014 ilionekana kwamba ngozi ya panya inapojeruhiwa, seli kongwe hutokea kwenye kidonda ndani ya siku chache na kutoa kichochezi kinachosaidia kidonda kujifunga. Panya walioondolewa seli hizo walichelewa kupona.

Katika ini nako, utafiti wa mwaka 2008 ulionesha kwamba seli zinazotengeneza makovu, baada ya kufanya kazi yake, huwa kongwe na kutoa kemikali zinazowaita askari wa mfumo wa kinga waje kuziua. Kwa njia hiyo makovu hayazidi kiasi. Utaratibu huo ni mzuri: seli husimama, huita ulinzi, hutengeneza mazingira ya uponaji, kisha huondolewa.

Zinapobaki bila kuondolewa

Kadiri mtu anavyozeeka, utaratibu huo hulegea. Seli zinazopata uharibifu huwa nyingi zaidi, na mfumo wa kinga unaopaswa kuziondoa nao huwa umechoka. Seli kongwe, ambazo kwa kawaida zina uwezo mkubwa wa kukwepa kifo, hubaki katika tishu na kuendelea kumwaga kemikali zilezile mwezi baada ya mwezi.

Athari ya kwanza ni kwa majirani. Waswahili husema samaki mmoja akioza wote wameoza, na ndivyo inavyotokea hapa. Kemikali za seli kongwe zinaweza kuifanya seli nzima iliyo karibu nayo iwe kongwe, nayo ikaanza kumwaga za kwake.

Athari ya pili ni kwa muundo wa tishu. Kolajeni inayokatwa kila siku bila kurudishwa huifanya ngozi iwe nyembamba, na gegedu la kwenye maungio kumomonyoka. Mahali pengine matokeo ni kinyume chake, ambapo makovu hujengeka kupita kiasi na kukifanya kiungo kikakamae.

Athari ya tatu ni kwa seli shina, ambazo ndizo akiba ya mwili ya kufanyia ukarabati. Zikiishi katika mazingira yaliyojaa kemikali hizo, hupungukiwa na uwezo wa kutengeneza msuli, mfupa au damu mpya.

Athari ya nne ni kwa mwili mzima. Mtu anapojikata, mahali pale huvimba, hupata joto, huwa pekundu na huuma. Hiyo ni namna ya mwili kujihami, na huisha kidonda kinapopona. Kwa wazee wengi kuna hali ya kujihami ya chinichini isiyo na kidonda wala vijidudu na isiyokwisha. Mtafiti wa Italia, Claudio Franceschi, aliielezea hali hiyo mwaka 2000. Kiwango cha intaleukini-6 katika damu, ambacho hupanda pamoja na umri, kimehusishwa na udhaifu wa mwili, maradhi ya moyo na kupoteza uwezo wa kujihudumia. Seli kongwe hazitoi kemikali hiyo peke yake, lakini ni miongoni mwa vyanzo vyake.

Maradhi yanayohusishwa

Katika goti, watafiti wameona kwamba seli kongwe hukusanyika kwenye gegedu na utando wa ndani baada ya kano kuumia. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba panya waliojeruhiwa goti kisha wakaondolewa seli hizo walipata maumivu kidogo, na gegedu lao lilionesha dalili za kujijenga upya.

Katika mishipa ya damu, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba seli za ulinzi zilizojaa mafuta, zinazopatikana katika utando unaoziba mishipa, huwa kongwe na kumwaga kemikali zinazoufanya utando huo ukue. Katika hatua za baadaye, vimeng'enya vyao huudhoofisha ukuta unaoushikilia. Utando huo ukipasuka, damu huganda ghafla na kusababisha shambulio la moyo au kiharusi.

Kwa wenye unene uliokithiri, seli kongwe huongezeka katika mafuta ya tumboni. Kemikali zake hupunguza uwezo wa mwili kuitikia insulini, na kisukari kikishaingia, sukari nyingi katika damu nayo huzaa seli kongwe zaidi.

Katika ubongo, utafiti wa mwaka 2018 uliofanywa Mayo Clinic, Marekani, ulihusu panya waliorithishwa hitilafu ya protini inayofanana na ile ya ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer. Seli kongwe zilionekana katika seli saidizi za ubongo wao, na zilipoondolewa mapema, uharibifu wa ubongo na upotevu wa kumbukumbu ulipungua.

Kwa upande wa saratani, hali ni ya pande mbili. Seli iliyosimama haigeuki saratani kwa urahisi, lakini kemikali zake zinaweza kuilisha saratani iliyo jirani. Aidha, tiba ya mionzi na dawa za saratani huacha seli kongwe nyingi katika tishu nzima za mgonjwa. Utafiti wa mwaka 2017 kwa panya waliopewa dawa ya doksorubisini ulionesha kwamba seli hizo zilichangia uchovu, madhara ya moyo na kurejea kwa saratani.

Ushahidi kutoka kwa panya

Swali lililobaki kwa muda mrefu lilikuwa kama seli kongwe ni chanzo cha kuzeeka au ni dalili tu. Jibu la kwanza lilitolewa mwaka 2011 na kundi la Jan van Deursen na Darren Baker wa Mayo Clinic. Waliwatengeneza panya ambao seli zao zenye protini ya p16 zingejiua pindi mnyama akipewa dawa fulani. Panya hao, waliokuwa wa kizazi kinachozeeka haraka, walichelewa kupata mtoto wa jicho na kupungua misuli.

Mwaka 2016 kundi hilo lilirudia jaribio kwa panya wanaozeeka kwa kawaida. Walioondolewa seli kongwe kuanzia umri wa makamo waliishi muda mrefu kuliko wenzao kwa takriban robo ya umri wa wastani, huku figo na moyo wao vikiwa katika hali bora.

Jaribio la mwaka 2018 lilikwenda upande wa pili. James Kirkland na wenzake, pia wa Mayo Clinic, walipandikiza seli kongwe katika panya vijana. Ilitosha kuwa na seli kongwe moja kati ya kila seli 7,000 hadi 15,000 za mwili ili panya wale waanze kutembea polepole na kupoteza nguvu za kushika. Idadi hiyo ndogo ndiyo inayoeleza kwa nini kemikali zinazomwagwa ni muhimu kuliko wingi wa seli zenyewe.

Dawa za kuziua

Mwaka 2015 Kirkland, Tamara Tchkonia na washirika wao wa Taasisi ya Utafiti ya Scripps walitangaza dawa za kwanza zinazolenga seli kongwe, na kuziita senolitiki. Walitumia mbinu ya kuzima kinga ambayo seli hizo huitumia kukwepa kifo. Dawa walizozichagua ni dasatinibu, inayotibu aina fulani za saratani ya damu, na kwesetini, kemikali ya mimea inayopatikana katika vitunguu maji na matofaa.

Kwa kuwa seli kongwe huchukua muda kujikusanya tena, dawa hizo hazihitaji kumezwa kila siku. Panya wazee waliopewa kwa vipindi waliongeza muda wao wa kuishi uliosalia kwa asilimia 36.

Njia ya pili ni kuiacha seli ikiwa hai lakini kuinyamazisha. Metfomini, dawa wanayoitumia wagonjwa wengi wa kisukari Afrika Mashariki, imeonekana maabara kupunguza kemikali za seli kongwe, na vivyo hivyo rapamaisini, inayotumiwa na watu waliopandikizwa figo. Njia ya tatu, iliyotangazwa mwaka 2020 kwa panya, ni kuzifundisha seli za kinga kuzitambua seli kongwe na kuziua.

Majaribio kwa binadamu

Matokeo kwa binadamu hadi sasa hayajafikia matumaini yaliyoletwa na panya. Jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 2019, lilihusisha wagonjwa 14 wa makovu ya mapafu waliopewa dasatinibu na kwesetini kwa wiki tatu. Uwezo wao wa kutembea uliongezeka, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopewa dawa bandia. Mwaka huohuo jaribio jingine la wagonjwa tisa wa figo zilizoathiriwa na kisukari lilionesha kwamba dawa hizo zilipunguza seli kongwe katika mafuta na ngozi.

Pigo kubwa lilikuja Agosti 2020. Kampuni ya Unity Biotechnology ya Marekani ilitangaza kwamba dawa yake ya kuchomwa ndani ya goti, iliyojaribiwa kwa wagonjwa 183, haikupunguza maumivu kuliko dawa bandia baada ya wiki 12. Dawa hiyo ilitokana na utafiti wa panya uliokuwa umesifiwa sana.

Mwaka 2024 yalitolewa matokeo ya jaribio la wanawake 60 waliokoma hedhi. Dasatinibu na kwesetini hazikupunguza kasi ya kumomonyoka kwa mifupa katika kipindi cha wiki 20 kwa ujumla wao, ingawa kulikuwa na dalili za nafuu kwa waliokuwa na seli kongwe nyingi zaidi. Matokeo hayo yameimarisha hoja kwamba dawa hizo, zikifaa, huenda zisimfae kila mtu.

Tahadhari

Sababu za kwenda polepole ni za msingi. Mwaka 2020 watafiti waliowaondolea panya seli zenye p16 nyingi katika ini waligundua kwamba baadhi ya seli hizo zilikuwa kuta za mishipa midogo ya damu, na mwili haukuweza kuzibadilisha. Mahali pake palijengeka makovu, na afya ya panya ikadorora. Seli inaweza kuwa kongwe na bado ikawa inafanya kazi isiyo na mbadala.

Dasatinibu yenyewe inaweza kupunguza chembe za damu, kusababisha kutokwa na damu na kujaza maji kuzunguka mapafu. Ni dawa ya kusimamiwa na daktari. Hadi sasa hakuna dawa ya senolitiki iliyoidhinishwa kwa ajili ya kupunguza kasi ya uzeeni.

Hata hivyo, vidonge vya kwesetini na fisetini, kemikali inayopatikana katika stroberi, vinauzwa kwenye intaneti vikiambatana na ahadi za kurudisha ujana. Kiasi kilichotumika katika majaribio ni kikubwa mno kuliko mtu anachoweza kukipata kwa kula vitunguu au matunda, na hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kumeza vidonge hivyo kunamzuia mtu mwenye afya asizeeke. Mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari anayeacha dawa za hospitali na kukimbilia vidonge hivyo anaweka maisha yake hatarini.

Kinachowezekana sasa

Yapo mambo yanayofahamika kupunguza uharibifu unaozaa seli kongwe, na hayahitaji dawa mpya. Kuacha sigara huondoa chanzo kikubwa cha kuharibika kwa vinasaba vya mapafu na mishipa. Kupunguza unene hupunguza mzigo wa mafuta ya tumboni. Kwa upande wa mazoezi, utafiti wa mwaka 2016 ulionesha kwamba panya waliolishwa vyakula vya mafuta na sukari nyingi walipata seli kongwe katika mafuta yao, lakini waliopewa gurudumu la kukimbilia walikuwa nazo chache. Kudhibiti sukari na shinikizo la damu mapema nako huilinda mishipa.

Watafiti kwa sasa wanajaribu kutengeneza ramani ya seli kongwe katika kila kiungo cha binadamu, kazi ambayo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliianzisha mwaka 2021. Lengo ni kutofautisha seli zinazosaidia na zile zinazodhuru, na kupata kipimo cha damu kitakachomwonesha daktari nani ana seli hizo kwa wingi. Bila kipimo hicho, ni vigumu kujua dawa impe nani, lini na kwa kiasi gani.

Judith Campisi, aliyefariki dunia Januari 2024, aliacha swali hilo likiwa bado linafanyiwa kazi. Alichokwisha kukionesha ni kwamba kikulacho ki nguoni mwako: sehemu ya madhara ya uzee haitoki nje, bali hutoka katika seli za mwili wenyewe, zilizosimama ili kuulinda dhidi ya saratani na kisha zikakaa kupita muda wake.